Springi za Wandera na Mgongo wa Mzee Ocen

Cleopas Wandera alikuwa na mdomo, na mdomo huo ulikuwa na mada moja. Kwa kumtazama tu ungemwona Mkenya wa kawaida kutoka Busia, muuza pampu za maji katika duka moja la Ntinda, Kampala, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa. Lakini ukimpa dakika mbili, tayari mazungumzo yameshafika kwenye kile kigari chake chekundu cha Kijerumani, kifupi, kisicho na mkia, chenye injini ya kuwarudisha watu wazima utotoni. Ukimpa dakika kumi, basi hiyo siku umeipoteza.

Alanyo, muuguzi wa Luzira, alikuwa amezivumilia dakika hizo kumi kwa miaka miwili, na bado akakubali kuolewa. Watu wakisema mapenzi ni upofu, Wandera alijua fika kwamba kwa upande wa Alanyo yalikuwa uziwi. Kilichobaki ni Mzee Ocen, baba mzazi wa Alanyo, kukubali kuwapokea wazee wa Wandera watakaokuja kujitambulisha. Na Mzee Ocen hakuwa mtu wa kukubali kitu bila kukikagua.

Mzee huyu alikuwa dereva na fundi wa malori ya jeshi kwa miaka ishirini na minane. Alistaafu na vitu viwili, Kiswahili cha kambini na mgongo mbovu. Siku ya kwanza Wandera alipompa lifti, badala ya kuendesha kwa adabu alibonyeza kitufe cha mbio ili mkwe aone mambo. Mkwe aliyaona. Alishuka kapinda, akatembea siku tatu akishika ukuta, na tangu hapo akamtaja Wandera kwa jina la "ile gari". Kwa hiyo Alanyo alipomweleza habari ya ugeni, alijibu kifupi.

"Jumapili ijayo yeye atanipeleka kanisani Ntinda, atanirudisha. Mgongo yangu ikinyamaza, alete watu yake. Ikilia, yeye aoe ile gari."

Mwanamume mwenye akili timamu angeazima gari la kiti laini na kuendesha taratibu. Wandera alisikia tu kwamba amepata sababu ya kununua vipuri.

Gari lake lilikuwa na shoki za umeme, zile za kumeza mitikisiko ya barabara. Kisanduku kidogo kilisoma barabara na kuziamuru shoki zilegee au zikaze. Aliagiza kisanduku kipya, chenye akili nyepesi zaidi, ambacho kingeweza kulainisha safari mpaka mzee asinzie. Hicho kilikuwa kwa ajili ya mgongo wa mkwe. Pamoja nacho aliagiza springi nne za buluu, fupi, za kulishusha gari vidole viwili karibu na ardhi. Hizo zilikuwa kwa ajili ya Wandera. Gari likilala chini linapendeza, na hakuna aliyemuuliza, kwa hiyo hakulazimika kudanganya mtu.

Kazi alimpa Zéphyrin, Mkongo wa Bukavu mwenye gereji nyuma ya kituo cha mafuta pale Ntinda. Zéphyrin alikuwa fundi wa kuaminika na mtu wa salamu ndefu. Alikuwa na desturi moja iliyomjengea jina: kipuri chochote ambacho hakikubaki kwenye gari lako, alikitia kwenye gunia, akalifunga kwa waya na kuliweka kwenye buti, ili usije ukasema umeibiwa.

Jumatatu jioni Wandera alipofika gereji, Zéphyrin alikuwa ameshaenda mazoezi ya kwaya, na ufunguo ameuacha kwa mlinzi. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa sauti wa dakika nne na sekunde kumi na mbili. Wandera akausikiliza. Zéphyrin alimsalimia yeye, akamsalimia mama yake wa Busia, akauliza kazi, akauliza mvua, akamshukuru Mungu kwa afya ya wote waliotajwa. Ilipofika sekunde ya hamsini Wandera alichoka, akatuma kidole gumba, akafungua buti. Gunia lilikuwepo, zito, limefungwa waya. Akatabasamu kwa kuridhika. Springi za zamani hizo, akajisemea.

Asubuhi yake raha ikaanza. Gari lilikuwa limebadilika! Alilisikia kwenye kiti, kwenye usukani, mpaka kwenye meno. Alimwambia mwenzake dukani kwamba sasa kona anazikata bila mwili kuyumba. Alimwambia mlinzi, alimwambia muuza chapati, alimwambia mteja aliyekuja kuulizia pampu ya kisima na akaondoka bila pampu. Kwenye matuta hakuthubutu tena kupita moja kwa moja. Alilipanda tuta kimshazari, gurudumu moja baada ya jingine, polepole, ili tumbo la gari lisikwaruzwe, huku nyuma yake Ntinda nzima ikipiga honi na waendesha boda wakimtukana kwa lugha nne. Yeye aliwapungia mkono. Hawajui springi, maskini.

Alhamisi Alanyo aliazima gari kwenda soko la Owino kununua mapazia. Jioni alipolirudisha alikuwa na jambo la kusema, alianza hata sentensi, lakini Wandera alikuwa anamweleza vile gari lilivyopita kwenye lami mbovu ya Nakawa. Alanyo akamtazama, akacheka kidogo, akaenda zake kushona mapazia.

Jumapili ikafika. Mzee Ocen alitoka na suti ya kijivu na fimbo, akaingia mbele kwa hatua tatu zilizopangwa. Alanyo alibaki nyumbani kupika. Wandera alikuwa na hofu ya kweli, si mchezo. Alimpenda yule mwanamke, na kila shimo kati ya Luzira na Ntinda sasa lilikuwa na neno la kusema kuhusu ndoa yake. Akabonyeza kitufe cha starehe, akaomba kimoyomoyo, akatia gia.

Hofu ikimshika mtu wa maneno, maneno huzidi.

"Sikiliza hapo, Mzee," alisema walipovuka tuta la Kitintale, kimshazari, honi zikilia nyuma. "Umesikia ilivyolala? Hizo ni springi mpya. Fupi. Gari limeshuka vidole viwili."

Huko kwenye buti kitu kiligonga, ngrang.

Mzee Ocen aliusikiliza mgongo wake. Mgongo haukusema kitu. Alishangaa, na mshangao ukamlegeza.

"Ni kweli," alisema. "Hii springi iko tofauti kabisa. Mimi nasikia. Ile ya zamani ilikuwa inaruka, hii inakamata chini. Miaka ishirini na nane, kijana! Mimi hapana danganywa na springi."

"Haswa, Mzee."

"Hata macho nikifunga, najua iko chini."

Akafunga macho kuthibitisha. Wandera nusura alie kwa furaha. Wakaenda hivyo, mmoja akieleza, mwingine akikubali kwa kichwa, ngrang ikiwasindikiza mpaka kanisani. Mzee akashuka bila kushika mlango. Aliimba tenzi zote akiwa amesimama.

Baada ya ibada walirudi garini. Mzee alikuwa na furaha ya mtu aliyepona, na furaha hiyo ikamrudisha jeshini.

"Sisi kule," alisema, "quartermaster, yule bwana ya stoo, hapana kupa wewe kipuri mpya mpaka anaona ya zamani. Springi ya zamani iko wapi? Nataka kuona ilikuwa na ugonjwa gani."

"Iko kwenye buti, Mzee, kwenye gunia. Fundi wangu ni mwaminifu."

Wandera alifungua buti, akafungua waya, akatia mkono na kuvuta springi ya kwanza kwa mbwembwe. Ilikuwa ya buluu. Ilikuwa na karatasi ya duka bado imegandishwa, na mafuta ya kiwandani ambayo vumbi la Kampala halijawahi kuyagusa.

Akavuta ya pili. Buluu. Akatazama ndani ya gunia kwa matumaini ambayo hata yeye aliyaonea haya. Zote nne.

Mzee Ocen alikuwa ameshainama kwa shida kwenye gurudumu la nyuma. Aliingiza mkono juu ya tairi. Vidole vinne vilipita na nafasi ikabaki. Gari halikuwa limeshuka hata unywele.

Wandera akatoa simu. Akausogeza ujumbe wa Zéphyrin mbele kidogo ya sekunde ya hamsini, na ile sauti ya upole ikasikika katikati ya waumini waliokuwa wakipanda magari yao.

"...basi ndugu yangu, ile boîte mupya, ile kisanduku ya shoki, niliifunga, inafanya muzuri sana. Lakini springi ziko chini mingi. Niliziweka, nikatoka na gari, ikagusa dodani, ile tuta ya hapa kwa mulango, tumbo yote, krrr. Nikasema hapana, huyu kaka ataniletea gari vipande vipande. Nikarudisha zile za zamani. Mupya niko naziweka mu buti, mu gunia. Kama uko unazitaka tu, rudi, nitazifunga. Musalimie na mama Alanyo, na baba yake, na..."

Wandera akaizima kabla salamu hazijaisha. Uso ulimchoma. Siku sita! Siku sita alikuwa amevuka matuta kimshazari kwa kulinda tumbo ambalo halikuwa na shida yoyote. Alikuwa ameuambia mji mzima. Na sasa hapa, mbele ya mtu pekee ambaye neno lake lilikuwa na uzito, alikuwa amesimama na springi mkononi, mwongo bila hata kujua.

Kisha akakumbuka jambo. Akainua macho, akamkuta Mzee Ocen anamtazama, na usoni mwa mzee hakukuwa na hasira. Kulikuwa na woga. Fundi wa miaka ishirini na minane, aliyefunga macho na kuapa, alikuwa anasubiri aumbuliwe na kijana mwenye mdomo mkubwa kuliko wote aliowajua.

Kejeli ilikuwa hapo hapo kwenye ncha ya ulimi. Ilikuwa tamu. Wandera alihisi sentensi nzima imeshajipanga, na kicheko chake. Akaimeza. Ilishuka vibaya, lakini ilishuka.

"Mzee," alisema, "nilikosea. Nilisikia nilichotaka kusikia. Fundi aliniambia na sikumsikiliza."

Mzee akakohoa. Akaichora ardhi kwa fimbo. "Na ile maneno mimi nilisema pale Kitintale?"

"Maneno gani, Mzee?"

"Ile ya springi."

"Sikuyasikia," Wandera akasema. "Hizi za kwenye buti zilikuwa zinapiga kelele."

Mzee Ocen alimtazama kwa muda mrefu, kama anayekagua lori lililotoka vitani likiwa zima. Halafu akafungua mlango mwenyewe, akakaa, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Mgongo yangu imenyamaza," alisema. "Leta watu yako mwezi ujao. Na ile matuta, pita moja kwa moja. Unatuaibisha."

Wandera akazirudisha springi kwenye gunia, akafunga buti, wakarudi Luzira. Ilikuwa safari ya kwanza ambayo Wandera hakueleza chochote, na kwa mara ya kwanza alisikia kweli kile kisanduku kipya kikifanya kazi yake, shimo kwa shimo. Kilikuwa kizuri. Alitamani kumwambia mtu, akajizuia.

Getini Alanyo aliwasubiri na kitambaa cha jikoni begani. Alimwona baba yake akishuka wima, akapumua.

"Springi mpya vipi?" akauliza.

"Iko sawa kabisa," baba yake akasema haraka, bila kumtazama. "Iko chini."

"Ziko sawa," Wandera akasema.

Alanyo akawatazama mmoja baada ya mwingine. Akaenda nyuma ya gari, akafungua buti, akawasogezea gunia.

"Basi hizi mpya zitoeni humu. Alhamisi zimetoboa gunia zikanichania pazia."

Mzee Ocen akashika mbili, Wandera akashika mbili. Walisimama pale na springi zao, wanaume wawili wazima, wakikosa pa kuzitua.

"Ulijua tangu Alhamisi?" Wandera akauliza. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," Alanyo akasema. "Ulikuwa unaongea."

Wandera akafungua mdomo. Mzee Ocen akamkanyaga mguu, naye akaufunga.