Mkimbiaji Asiye na Kijiji

Swaumu alikuwa akikoroga uji wa unga wa yanga, ule wa njano ulioletwa mwaka wa njaa, mumewe alipotoka ndani amevaa kaptula. Mbaruku akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akafunga katambuga zake za tairi kwa kamba ya mkonge. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Nyumba za kijiji cha Juhudi zilikuwa zimejipanga katika mistari yake, kama zilivyopimwa kwa kamba siku watu walipoletwa.

"Leo unafika wapi?" Swaumu akauliza.

"Kwemzuza na kurudi."

"Uji utapoa."

"Nitaunywa hivyo hivyo."

Mbaruku alikuwa mtu mzima, mwenye wajukuu na mvi za ndevu. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge, akikata majani na kufunga mizigo, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukimbia ila kukimbia mvua. Sasa alikimbia kila alfajiri kabla ya kwenda shamba la kijiji. Jioni alipanda na kushuka kilima cha nyuma ya ghala mpaka miguu imtetemeke. Alitaka kushinda mbio za Saba Saba za Korogwe, zile za kutoka uwanja wa Korogwe ya zamani, kufuata reli mpaka stesheni ya Mnyuzi, na kurudi. Vijana huzimaliza wakitapika.

Watu walimtania, na utani haukuwa mbaya. "Babu, umeacha nini huko unakokimbilia?" "Mzee Mbaruku, mkeo anakupiga?" Naye aliwapungia mkono na kupita. Utani wa fisi tu ndio hawakumfanyia, na sababu yake ni hii.

Siku ya operesheni, serikali ilipohamishia watu kwenye vijiji vipya, lilikuja lori moja kuwachukua watu wa Kwemzuza, kwao Mbaruku. Walipakia jembe, kuku, vinu na milango. Milango kwanza, maana fundi wa mlango ni shida kumpata, na mtu anayejua kujenga huondoka na mlango wake. Bi Mwaija, mamake Mbaruku, alikuwa na ugonjwa wa nyonga, hawezi kutembea, na akikaa anataka nafasi ya kunyoosha mguu. Mlango wake ulipata nafasi. Yeye akaambiwa asubiri, lori litarudi kesho. Mbaruku akaambiwa apande na watoto ili awahi kupata kiwanja, na akapanda.

Kesho lori lilikuwa Mkata, kesho yake likaharibika. Mgambo walisimama njiani siku hizo kuzuia watu wasirudi kwenye mahame, kwa kuwa wengine walikuwa wameanza kurudi. Mbaruku alipopata upenyo alikimbia. Lakini hakuwa mtu wa mbio. Kifua kilimwaka, ikambidi akae chini, ainuke, akae tena. Alipofika, fisi walikuwa wametangulia. Nyumba haikuwa na mlango.

Alizika kilichokuwepo. Alirudi Juhudi akitembea, na tangu hapo akaanza kujifunza kukimbia.

Kwa watu wa kwao, maiti akishazikwa, hitima yake husomwa kwenye kizingiti chake mwenyewe. Ukoo mzima hukaa chini, na sahani ya kwanza ya wali huwekwa pale alipozoea kukaa marehemu. Isiposomwa pale, hajaagwa. Ukoo wa Mbaruku ulikuwa umetawanywa katika vijiji vingi, na kila mmoja alihitaji kibali kutoka alipo. Mbaruku akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hiza, kuomba.

Hiza hakuwa mtu wa ukali. Alimkaribisha kiti.

"Hitima ya nani?"

"Ya mama, Mwenyekiti."

"Msomee hapa. Mchele tutachanga."

"Hapa si kwake."

Hiza akamsogezea kikombe cha chai. "Mbaruku, ndugu yangu. Sisi tumekwisha toa taarifa kwamba hakuna aliyebaki. Sasa ukoo mzima ukienda kumsomea mtu kule mahame, ndiyo kusema yupo aliyebaki."

"Si alibaki, Mwenyekiti?"

"Kunywa chai," Hiza akasema.

Ndipo Mbaruku akakumbuka kwamba mshindi wa Saba Saba husimamishwa jukwaani, akapewa kipaza sauti, na mgeni rasmi humuuliza ana ombi gani. Mmoja aliomba mpira wa shule, akapewa. Mwingine aliomba baiskeli, nayo ikaja. Mbaruku aliona kibali cha siku moja ni kitu kidogo kuliko baiskeli.

Mara ya kwanza alipoweza kufika Kwemzuza bila kupumzika, alimkuta mama yake ameketi kizingitini, akipukuchua mbaazi. Bi Mwaija akaweka ungo chini, akajifunga kanga, akainuka, wakarudi wote wakikimbia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaza mguu, mwanangu. Unakwenda kama mtoto anayepelekwa jandoni."

"Nyonga je?"

"Imepona. Naona dawa yake ilikuwa kufa."

Tokea siku hiyo walikimbia pamoja. Mama alikuwa mbele yake kidogo siku zote, visigino vimepauka vumbi, akimfundisha asipige mikono ovyo na asimeze mate kwa pupa. Wakifika Juhudi alisimama nje ya ua. Haingii. Alisema hajagawiwa kiwanja.

Swaumu alimpelekea uji hapo hapo nje. "Shikamoo mama."

"Marahaba mke mwenza," Bi Mwaija humjibu, maana utani wao ulikuwa huo. Akaonja. "Huu unga una harufu ya gunia."

"Ndio tuliopewa, mama."

"Wajukuu wanaula?"

"Wanaula."

"Basi wana njaa," akasema, na kumrudishia kata.

Majirani walimwona na kumwamkia. Mgambo naye alimwona. Alimuuliza kibali chake cha kutembea, na Bi Mwaija akajibu kwamba yeye hatembei, anakimbia. Mgambo akafikiri, akampisha.

Saba Saba ilipofika, lori la kijiji liliwachukua wanamichezo, wacheza ngoma na viongozi. Safari hii lilikuwa na nafasi ya kutosha. Bi Mwaija alikataa kupanda. Alikimbia kando ya gurudumu la nyuma mpaka Korogwe, na dereva akawa anapunguza mwendo kwenye kona kwa heshima.

Uwanjani palikuwa na bendera, bendi ya tarumbeta, na akina mama wanaouza mihogo ya kukaanga. Wakimbiaji walitoka Handeni, Mombo, Magoma na milimani. Kijana mmoja wa Vugiri, Habakuki, mwenye raba nyeupe, alisemekana kwao hukimbia na gunia la viazi kichwani. Alimwamkia Mbaruku kwa adabu.

"Shikamoo baba. Na wewe unakimbia?"

"Nakimbia."

"Na bibi?"

"Nami nakimbia," akasema Bi Mwaija. "Nilikaa sana."

Refa akapuliza filimbi. Walitoka kwa vumbi, wakashika reli. Habakuki akajitenga mapema. Mbaruku alikwenda kama alivyofundishwa, mikono chini, mdomo umefungwa nusu. Vijana walianza kukaa kando ya reli, mmoja hapa, mmoja pale, wameshika mbavu. Pale Mnyuzi, mtu wa stesheni aliwapaka chokaa mkononi kuonyesha kwamba wamefika. Alimpaka Mbaruku, akampaka na mama yake. Chokaa haikushika kwenye ngozi ya mama, akaipaka kwenye kanga.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Jua lilikuwa limepanda, na mawe ya reli yalikuwa yanaunguza. Miguu ya Mbaruku haikuwa yake tena. Mara mbili alitaka kukaa.

"Ukikaa leo," mama yake akasema bila kugeuka, "utakuwa umekaa kama siku ile."

Hakukaa. Mto ulio karibu na uwanja ulipoanza kuonekana, Habakuki alikuwa mbele yao anachechemea, raba zimemchubua. Bi Mwaija alimtazama, akamtazama mwanawe. Alikuwa mtu wa kushindana tangu enzi za kuchota maji, na hilo kufa hakukuliondoa. Akaenda zake. Aliingia uwanjani peke yake, kanga imefungwa kifuani, akakata utepe. Mbaruku alimpita Habakuki penye mihogo ya kukaanga, akafika wa pili, akaanguka kifudifudi.

Bendi ilipiga. Refa akamwendea bibi.

"Hongera mama. Unatoka kijiji gani?"

"Kwemzuza."

Refa akawauliza wa jukwaani. Kwemzuza haikuwepo. Mzee Hiza akaitwa, kwa kuwa upande ule ulikuwa wake.

"Kwemzuza hakuna mtu," Hiza akasema. "Watu wote wa Kwemzuza tunao Juhudi. Huyu hatumjui."

Ikaonekana kwamba mtu asiye na kijiji hawezi kukiletea kijiji ushindi. Matokeo yake yakafutwa. Bi Mwaija hakubisha, alikwenda kwenye pipa kunywa maji. Mshindi wa kwanza akatangazwa kuwa Mbaruku wa Juhudi, mwenye umri mkubwa kuliko wote waliopata kushinda. Watu walipiga makofi kweli. Habakuki naye alipiga, akamshika mkono kumpandisha jukwaani.

Alivishwa blanketi mabegani. Mgeni rasmi, mtu mnene aliyependeza, akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Mzee wetu huyu ni mfano kwa vijana. Haya mzee, una ombi gani?"

Mbaruku alikuwa ameyakariri maneno njia nzima ya Kwemzuza. Akasema: "Naomba kibali cha siku moja. Ukoo wetu uende kwetu tumsomee mama yetu hitima."

"Pole sana. Alifariki lini?"

"Siku ya pili baada ya lori kuondoka, au ya tatu. Hakuna aliyekuwepo wa kujua."

"Alifia wapi?"

"Ndani kwake. Mlango tulikuwa tumeuchukua. Fisi waliingia."

Kipaza sauti kilifikisha maneno hayo mpaka ng'ambo ya mto. Akina mama wa mihogo waliacha kugeuza. Mpiga tarumbeta aliteremsha tarumbeta yake taratibu na kuiweka magotini. Watu wengi uwanjani walikuwa wanatazama chini, kila mmoja mahali pake, kama waliotajwa majina.

Mgeni rasmi alimgeukia Mzee Hiza.

Hiza akainuka, akanyoosha kidole kwenye pipa la maji. "Mheshimiwa, mama yake yule pale. Anakunywa maji."

Watu wote wakageuka. Bi Mwaija alikuwa amesimama na kata mkononi. Hakukuwa na ubishi, ni yeye.

"Ndiye mama yako?" mgeni rasmi akauliza.

Mbaruku hakuweza kumkana mama yake mbele za watu.

"Ndiye," akasema.

"Sasa mtu mzima, mwenye mbio zile, asomewe hitima ya nini?" Mgeni rasmi akacheka, na jukwaa likacheka. "Mzee amechoka na jua. Mpeni soda." Bendi ikaamriwa ipige.

Mbaruku aliteremka na blanketi lake. Midomo ilikuwa imemkauka, na kwa siku kadhaa baadaye hakuweza kusema zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Swaumu alimlisha kama mtoto. Bi Mwaija alikuja kila alfajiri nje ya ua, akaita mara moja, akasubiri. Siku moja Mbaruku alitoka amevaa kaptula.

"Ningeondoka pale kwenye pipa," mama akasema wakiwa njiani, "au ningejificha?"

"Ulikuwa na kiu, mama."

"Nilikuwa na kiu."

Wakaendelea kukimbia.

Mwaka uliofuata, uwanja ulipofunguliwa, waliokuja kuchora mistari ya chokaa walikuta mstari wa kuanzia umejaa. Walikuwa vikongwe, wagonjwa, kipofu mmoja, mama aliyejifungua juzi yake na kichanga kifuani, na mzee aliyefungwa mguu kwa vipande vya mti. Wote walikuwa na vumbi la mbali na afya nzuri. Walitoka Kwedihalawe, Kwamhosi, Kwembuzi, mahali ambapo hapakuwepo tena. Bi Mwaija aliwatembelea mmoja mmoja, akiwaonyesha jinsi ya kuweka mikono. Akina mama kwenye umati waliwatambua watu wao, wakawapelekea maji na kurudi kukaa.

Kamati ilikutana nyuma ya jukwaa, haikuchukua muda. Iliamuliwa kwamba hao waanze mapema, kabla ya wenye vijiji, wapite upande wa chini wa reli ili vumbi lisimfikie mgeni rasmi, na wasihesabiwe. Refa akawaeleza, nao wakaelewa.

Mbaruku, aliyekuwa akifunga katambuga zake, alimwona Mzee Hiza akishuka jukwaani. Hiza alipita mstari mzima bila kumwangalia mtu, mpaka mwisho, aliposimama mwanamke mfupi mwenye makengeza. Alikuwa Chausiku, mama mdogo wa Hiza, aliyemlea baada ya mama yake mzazi kufa.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Umenenepa, Hiza."

Hiza alipiga magoti, akamfunga kanga kiunoni kwa mafundo mawili, isije ikamkwaza njiani. Akamfuta vumbi usoni kwa kitambaa chake. Kisha akarudi jukwaani, akapewa kipaza sauti, akamweleza mgeni rasmi wa mwaka huo kwamba katika upande wake operesheni ilikwenda vizuri na hakuna mtu aliyebaki nyuma.

Filimbi ikalia, wakatoka.