Kurasa za Sehemu

Nashipae aliteremka kutoka Oldonyo Sambu na binti zake wawili, akiwa ameshaamua moyoni vitabu atakavyochukua. Shule ilikuwa mbali mno na shamba analosimamia mumewe Lerionka, kwa hiyo mwaka mzima aliwafundisha watoto mwenyewe kwenye meza ya jikoni: Silantoi wa miaka kumi na Naeku wa miaka saba. Mawifi zake walimwita Madamu wa Jikoni. Alicheka nao, na kwa siri jina lilimpendeza. Kidato cha nne alikimaliza kwa masomo ya jioni, akiwa na mimba ya Naeku, tumbo likigusa dawati.

Mjini, mtaa wa Kijenge, walipokelewa na Mwalimu Aika, mama mtu mzima anayewaongoza wazazi wanaofundisha watoto nyumbani. Watoto wakamwamkia. Juu ya kochi alikuwa ametandaza seti mbili za vitabu. Moja ilimpa kila mtoto vitabu vya kiwango chake. Nyingine ilikuwa ya pamoja: ndugu wanasoma kitabu kimoja, cha kiwango cha mdogo, na mkubwa anaongezewa insha.

Nashipae akanyooshea mkono ile ya pamoja. Akaeleza kwamba kuna ng'ombe, kuna maji ya kuchota, na mwalimu ni mmoja tu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu yake.

Mwalimu Aika akataka kuwapima watoto kwanza. Naeku alisoma mbio mbio bila kuvuta pumzi. Silantoi alisoma kwa utulivu, akajumlisha, akazidisha. Alipoambiwa ajumlishe nusu na robo, akaweka penseli chini. Mwalimu akauliza kama hawajafika huko.

"Mama huwa anaruka hizo kurasa," Silantoi akajibu kwa adabu, mikono mapajani. "Mimi ni mzito wa kuelewa, mwalimu. Anaogopa nitalia."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Alijitungia mwenyewe, kwa kumwona mama yake akifunua kurasa mbili kwa mpigo na kusema, hizi bado, mama. Kumbe Nashipae ndiye ambaye hesabu za sehemu, hizo nusu na robo, hazikumwingia tangu zamani. Akiona tarakimu imebebwa juu ya tarakimu, kwapa humlowa, na kidole hukimbilia ukurasa unaofuata. Vitabu vya kiwango cha Naeku havikufika huko.

Mwalimu Aika akamtazama mtoto kwa huruma. Akasema basi ya pamoja itamfaa, aanze taratibu na mdogo wake. Naeku akafurahi, akamgonga dada yake begani.

"Tutakuwa darasa moja, dada. Ukikwama nitakuonyesha."

Silantoi akaitikia kwa kichwa. Hakubisha, na huko kutobisha ndiko kulikomchoma Nashipae. Vitabu vikatiwa kwenye mfuko. Angeweza kusema ukweli hapo hapo. Alisema asante.

Walikuwa mlangoni wakivaa viatu Silantoi alipomvuta kanga.

"Mama, usiwaambie shangazi kwamba nimerudishwa nyuma."

Nashipae akachuchumaa, kiatu kimoja mkononi.

"Hujarudishwa. Mimi ndiye sizijui sehemu. Nilikuwa naruka nisiumbuke mbele yako."

Silantoi akamkazia macho. "Kurasa zote ulizoruka, ni kwa ajili hiyo?"

"Zote."

"Na mimi kila siku najiona mjinga," akasema mtoto polepole, bila hasira, kama anayejisemea mwenyewe.

Nashipae akarudi ndani na ule mfuko, mguu mmoja mtupu. Akaomba abadilishiwe, kila mtoto apate vyake. Macho yake yalikuwa kwenye zulia. Akauliza pia kama Jumamosi mwalimu angeweza kuwafundisha sehemu wanafunzi wawili.

"Silantoi na Naeku?"

"Silantoi na mimi."

Mwalimu Aika hakucheka, akasema waje tu. Lakini Nashipae alipotoka, Silantoi alikuwa ameshamshika mdogo wake mkono, wamefika getini, na alipomwita hakugeuka.