Mlolongo wa Muaither

Jerusha alipofariki Doha, mzigo wote ulimwangukia binamu yake Chebet. Wote wawili walikuwa wauguzi, na Chebet hakuwa na ndugu mwingine ng'ambo ile. Henry, rais wa chama cha Wakenya, alifika matangani, akaongoza maombi marefu, akaahidi kwamba yeye binafsi angefuatilia vibali vya kusafirisha mwili. Tangu hapo simu yake haikushikwa. Nyumbani Kapsabet walisimamisha hema, wakapika, waombolezaji wakaja, mwili haukufika. Wakaling'oa hema. Wakapanga siku nyingine, wakalisimamisha tena, na mwili haukufika. Siku hizo hizo Chebet alimwona Henry kwenye picha za mashindano ya kandanda ya chama, amevaa jezi, anakabidhi kombe. Mwishowe alizunguka maofisini mwenyewe, na sare ya kazi mwilini, hadi akafaulu.

Aliyemshika mkono wakati ule ni Wairimu, fundi wa kompyuta aliyekaa naye nyumba moja katika mtaa wa Muaither. Alimpikia uji, akampokelea simu za nyumbani, akamwacha alie asimwambie anyamaze. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Chebet hakuona sababu ya kuutilia shaka msemo huo. Kwa hiyo uchaguzi ulipotangazwa, na Henry akasema anatetea kiti chake, Wairimu alimwambia Chebet kwamba jambo la Jerusha halingepita hivi hivi. Angesimama yeye kumpinga. Alichohitaji ni mtu wa kuwaeleza watu yaliyotokea.

Uchaguzi wa chama hicho huanzia matawini. Kila tawi hufanya mchujo wake na kumteua anayemtaka awe rais, na tawi la Muaither ndilo hutangulia. Anayeshinda hapo huingia matawi mengine kifua mbele. Anayeanguka hapo, hata kama ndiye rais aliye kitini, wafuasi wake huanza kumponyoka. Henry alilijua hilo. Wairimu alilijua pia.

Chebet hakuwa mtu wa maneno mengi, na kulieleza jambo lile mbele za watu kulikuwa kutonesha kidonda. Alilieleza hata hivyo. Kila alipotoka zamu alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa walezi wa watoto na wahudumu wa hoteli, akasimulia habari za lile hema, na Wairimu kando yake akipangusa machozi. Watu wa Henry wakaanza kumnunia. Mmoja wao, waliyefanya naye kazi wadi moja, aliacha hata kumsalimia. Chebet hakujali. Alikuwa na Wairimu.

Ijumaa ya mchujo, ukumbi wa villa waliyokodi ulijaa. Katibu wa tawi, mzee Philip, alieleza kwamba hapangekuwa na karatasi. Kila mtu angepanga foleni nyuma ya mgombea wake, kama ule mlolongo wa chaguzi za zamani kule Kenya. Wa Henry upande wa dirisha, wa Wairimu upande wa mlango. Chebet alitangulia upande wa mlango. Alipogeuka nyuma aliona foleni yao imeipita ya dirishani kwa urefu, akafurahi mpaka akaona haya.

Kabla ya kuhesabiwa, Wairimu aliomba kipaza sauti.

"Nimezungumza na rais wetu," alisema. "Tumekubaliana tufanye kazi pamoja, yeye rais, mimi naibu wake. Najiondoa, na ninawaomba mlioniunga mkono mumfuate yeye."

Mtu mmoja aliuliza, basi na mambo ya marehemu? Wairimu alitazama kila mahali isipokuwa alipokuwa Chebet.

"Rais alifanya yote aliyoweza. Mwenye uchungu husema mengi. Tumsamehe dada yetu."

Foleni ya mlangoni ikavunjika. Wakapita mmoja mmoja kuelekea dirishani, wengine wakimgusa Chebet begani, kama watu wanaompa pole mfiwa. Philip alimjia akamwambia kwa upole asogee, kwa kuwa upande ule haukuwa tena na mgombea. Chebet aliuliza kama chama kina mahali pa kusimama mtu asiyemtaka yeyote. Mzee akatikisa kichwa.

"Basi andika kwamba sikuja," alisema, akatoka.

Wairimu alirudi nyumbani jioni, amebeba chakula cha sherehe. Alieleza mengi: kwamba matawi mengine yangemshinda, kwamba akiwa naibu angewasaidia wengine yasiwapate ya Jerusha, kwamba siasa ndivyo zilivyo. Chebet alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu.

"Mlikubaliana lini?"

"Kabla hatujaanza kuzunguka," Wairimu alisema. "Alitaka kwanza aone nina watu."

Zile nyumba zote, basi. Yale machozi yote. Chebet alikuwa amemtoa Jerusha kaburini mlango kwa mlango, ili mwenzake apate bei nzuri. Hakugombana naye. Alifungasha vitu vyake, akahamia Umm Salal kwa muuguzi mwenzake.

Wiki hiyo shangazi yake, mama wa marehemu, alipiga simu kutoka Kapsabet. Aliuliza habari za kazi, za joto, kisha akauliza kama yule binti Wairimu hajambo, maana kila asubuhi humwombea kwa jina.

"Hajambo, shangazi," Chebet alisema. "Mzima kabisa."