Siku Mfaransa Aliponyamaza

Ukuta wa chumba cha Yeyo ulianza kutoka jasho asubuhi moja ya masika, mimi nikiwa nafagia. Nilidhani mtoto amemwaga maji. Nikapangusa kwa tambara, nikatoka kuwapa kuku pumba, na niliporudi palikuwa pamelowa tena, palepale, kimo cha goti. Nikaweka kiganja. Baridi. Nikapandisha macho taratibu mpaka kwenye kona ya nyuma. Ule ufa wa zamani, uliokuwa umezibwa na kupakwa rangi, ulikuwa umerudi, mwembamba kama uzi wa kushonea.

"Unatafuta nini hapo ukutani, mama Nareyu?" aliuliza Yeyo. Alikuwa amekaa kitandani anatunga shanga, mjukuu wake amelala nyuma ya mgongo wake.

"Natazama tu, Yeyo."

"Ukuta hautazamwi. Ukuta unapakwa."

Yeyo ni mama wa mume wangu, Moloimet. Kwao ni Malambo, kwenye joto na vumbi, akaja kwetu Karatu baada ya Krismasi kwa ajili ya kifua chake, awe karibu na hospitali. Mimi ni wa kijiji cha Daa, Mmbulu, mtoto wa wakulima. Lakini yeyo kwa Kimaasai ni mama, na tangu niolewe sijamwita kwa jina lingine. Alikuwa analala chumba cha nyuma na binti yetu Nareyu, ambaye hata kunyonya kidole hajaacha.

Chumba hicho ndicho kinachoegemea mlima. Tulichimba mteremko ili tupate uwanja wa kujenga, na masika ya kwanza tukajuta. Udongo wetu mwekundu ukishiba maji hauyaachii. Yalikuja chini kwa chini, yakasukuma msingi, ukuta ukapasuka kwenye kona. Ndipo tukamwita fundi Bartolomeo, aliyewahi kufanya kazi kwenye lodji za watalii huko juu, karibu na kreta. Akachimba mtaro nyuma ya nyumba, upande wa mlimani, ukashuka chini kuliko msingi wenyewe. Akatandika kitambaa, akalaza bomba lenye matundu, akalizungushia kokoto mpaka karibu na juu, akafunika, na nyasi zikaota. Ukipita hapo hujui kama kuna kitu. Maji ya mlimani yanazama kwenye kokoto, yanaingia kwenye bomba, yanazunguka nyumba na kutokea chini kabisa, kwenye migomba.

"Wenyewe wanauita mfereji wa Kifaransa," alisema fundi, kifua mbele, utadhani alikwenda Ufaransa kuufuata.

Tangu hapo nyumba ikatulia. Yeyo alipoliona bomba likitiririsha maji, mvua za kwanza za mwaka huu, aliuliza ni nini, na Moloimet akamweleza.

"Kwa hiyo huyo Mfaransa wenu," akasema Yeyo, "kazi yake ni kukojoa?"

Tulicheka sana. Jina likabaki hilo, Mfaransa.

Sasa ukuta unatoka jasho. Nilimpigia simu Moloimet, ambaye ni mlinzi kwenye kempu huko ukingoni mwa kreta. Sauti yake ilikuwa inakatwa na upepo.

"Huku ni ukungu mtupu, mama Nareyu. Gari letu limeingia mtaroni, barabara ni tope. Leo sishuki, kesho sijui. Mtoe mama chumba hicho."

"Njoo umtoe wewe."

Alijua ni kwa nini siwezi. Chumba kingine ni chetu, na mama hawezi kulala kwenye kitanda cha mwanawe. Kwao hilo hata halisemwi. Sebuleni ni pa wageni, wanaume wanaingia na kutoka. Jikoni kuna moshi, na kifua ndicho kilichomleta. Nilijaribu hata hivyo.

"Yeyo, hiki chumba kimekuwa na baridi. Twende jikoni, nitazima moto."

"Uzime moto kwa ajili yangu, mtoto ale nini?" Hakuinua macho kwenye shanga. "Nimejenga nyumba nyingi kuliko watoto niliozaa. Hakuna niliyoikimbia kwa sababu ya unyevu. Nyie Wambulu mnaogopa maji na mnaomba mvua."

Nikatoka nje, nikajibanza chini ya upenu, nikampigia fundi Bartolomeo.

"Fundi, mfereji wako umekufa."

"Mfereji hauna roho, utakufaje? Mmepitisha gari juu yake?"

"Gari tunalo?"

"Ng'ombe je?"

"Ng'ombe ni mmoja na hatoki bandani."

"Basi kautazame mdomo wa bomba. Mimi niko Rhotia, mvua ikipungua nachukua bodaboda. Na huo ufa, mama Nareyu, usiuchezee. Ukiona unapanuka, toa watu."

Nilipokata simu ndipo nikagundua kitu nisichokisikia. Mvua ilikuwa inapiga bati, kuku wanalalamika, lakini chini ya kelele zote hizo palikosekana ile sauti ya kwenye migomba, ambayo kila nikiosha vyombo ninaisikia, maji yakianguka juu ya maji. Sijui ilikuwa imenyamaza tangu lini. Nikashuka mbio.

Kile kijito chekundu hakikuwepo. Palikuwa na nyayo za kuku tu. Fundi alikuwa ameweka jiwe pana juu ya mdomo wa bomba, kama kofia, kwa hiyo mvua hailigusi. Nikachuchumaa, nikainamisha kichwa.

Bomba lilikuwa limepakwa. Kinyesi cha ng'ombe na majivu, limefunikwa lote, limelainishwa mpaka linang'aa, na juu yake mistari ya vidole imezungushwa nusu duara, kama mtu anavyomalizia ukuta wa nyumba yake. Mistari mitatu ilikuwa imenyooka na wa nne umekwenda upande. Kidole kidogo cha Yeyo kimepinda tangu ujana, alikanyagwa na ndama.

Nikakumbuka siku Kakenya alipokuja kumsalimia Yeyo, wiki iliyopita. Ni wa rika lake, wametoka Malambo pamoja, mdomo wake haufungwi. Walikuwa wanatembea hapo chini, Kakenya akasimama kwenye migomba akashika kiuno, akamwita Yeyo kwa jina lake. "Nashilu! Nyumba ya mwanao inakojoa mbele ya wageni!" Alicheka mpaka akatoa machozi. Yeyo hakucheka, ingawa utani ulikuwa wake mwenyewe. Kesho yake aliniomba kinyesi bandani. Akapaka jiko, akapaka na banda la kuku, na mimi nikafurahi, kwa sababu tangu afike alikuwa akizunguka nyumba akigusa saruji kwa kiganja na kurudi kukaa. Kwao mwanamke ndiye anayejenga nyumba. Mvua ikinyesha na paa likavuja, yeye ndiye anayetoka na kinyesi mkononi kuziba, hata kama ni mjamzito, hata kama anaumwa. Nyumba inayovuja ni aibu yake. Sisi tulimleta kwenye nyumba ambayo haikumwachia pa kupaka isipokuwa hapo.

Nikanyoosha mkono kubandua. Nikaurudisha. Kuvunja alichopaka mama mkwe, kwa siri, halafu apite kesho akione kimevunjwa! Ingekuwa sawa na kumwambia nyumba si yake, arudi Malambo. Na kumwambia usoni kwamba wewe ndiye unayetuangushia ukuta, hilo mdomo wangu haukuweza. Nikabaki nimechuchumaa, mvua inaingia shingoni, nikitafuta njia ya tatu.

Nareyu akalia.

Nilipanda ule mteremko nikiteleza. Kipande cha plasta, ukubwa wa sahani, kilikuwa kimedondoka kitandani, kando ya miguu ya mtoto. Ufa sasa ulikuwa unapitisha ukucha. Maji yalikuwa yamefika sakafuni, yanatambaa kuelekea mlangoni. Nikamnyakua mtoto. Yeyo alikuwa bado amekaa, ameshika shanga zake kifuani, macho kwenye kona.

"Toka, Yeyo. Nakuomba."

"Nikitoka, itaanguka. Nyumba ikiachwa na mwenyewe ndiyo inaanguka."

Nikampeleka Nareyu jikoni, nikamketisha mbali na moto, nikamwambia asisogee. Nikarudi. Nilisimama mlangoni pa chumba kile, na moyo unapiga kiasi kwamba niliogopa utatikisa ukuta. Nikaongea polepole, kama tunaongea habari za kawaida.

"Yeyo, maksai akishinda siku mbili hakojoi, kwenu mnafanyaje?"

Alinitazama kana kwamba nimepoteza akili. Lakini swali la ng'ombe halikosi jibu kwake.

"Siku mbili? Huyo mnoeeni kisu mapema. Kibofu kinapasukia ndani, na..."

Akautazama ukuta. Akautazama ule unyevu, kuanzia sakafuni, kupanda, mpaka kwenye ufa. Kisha akaitazama mikono yake.

"Umeshuka kwenye migomba," akasema.

"Nimeshuka."

"Umeona vidole."

"Nimeviona, Yeyo. Ni kazi nzuri. Mimi siwezi kuibandua."

"Kakenya alicheka."

"Acha acheke. Kakenya halali humu."

Alivuta shuka lake, akajifunika kichwa, akaichukua fimbo yake pembeni ya mlango. Kumpisha mlangoni ilikuwa kama kushusha gunia kichwani. Lakini ukuta ulikuwa bado.

Kwenye migomba alinisukuma kando. "Si kwa kidole. Nimetia na matambara." Akapasua kile alichokilainisha, pigo moja la fimbo, bila kukiangalia, akaanza kuvuta matambara. Nikayatambua, ni gauni langu la zamani. Tukavuta la kwanza, la pili, tukakutana na tope gumu. Yeyo akaingiza fimbo yote, akachokonoa, akaichomoa. Tukangoja.

Hakuna kitu.

Ilitoka funda moja la tope, kama mtu anayetema. Halafu kimya. Nilimsikia Yeyo akisema kitu kwa Kimaasai, chini chini, sijui ni sala au ni matusi. Mlimani huko juu maji yote ya wiki nzima yalikuwa yamekaa nyuma ya nyumba yetu, na mimi nilikuwa nahesabu kichwani kitakachokwenda: kitanda, kona, kabati la Moloimet.

Bomba likakohoa.

Maji yakaruka, mekundu, mazito, yakatupiga wote wawili kifuani. Yeyo akaangukia matako. Nikamshika mkono kumwinua, akakataa, akabaki amekaa kwenye tope maji yakimpitia mapajani, anacheka na kukohoa, anacheka na kukohoa.

"Kojoa!" alilipigia bomba kelele. "Kojoa, wewe Mfaransa, kojoa mpaka Kakenya asikie!"

Sikuweza kucheka. Tulikaa jikoni watatu, mlango wazi, tukiutazama ukuta wa nyuma kutoka upande. Kila bati lilipolia nilishika mtoto. Plasta ilidondoka tena mara moja, huko ndani, tukasikia. Basi.

Fundi Bartolomeo alifika amelowa, mvua imekuwa manyunyu. Aliingia chumbani peke yake, akagonga ukuta hapa na pale, akatoka. Akashuka kwenye migomba. Tulimfuata. Akaokota kipande cha kile kinyesi kilichokauka, akakigeuza.

"Nani amefanya hivi?"

"Panya," nikasema.

"Panya gani wa Karatu anapaka kwa majivu?"

"Ni mimi," akasema Yeyo. "Na aliyezibua ni mimi. Ukuta unasimama au hausimami? Hilo ndilo tulilokuitia."

Fundi akavua kofia yake, akakamua maji. "Leo unasimama, mama. Ule ufa nitaufanyia kazi jua likitoka. Humo ndani asilale mtu mpaka pakauke. Zaidi ya hapo nisikudanganye."

Yeyo alikubali sebuleni, baada ya kutundika kanga mbili kama pazia na kutangaza kwamba mwanamume atakayeingia bila kubisha atakutana na fimbo. Kabla giza halijaingia alishuka tena kwenye migomba na kinyesi kwenye beseni. Nilisimama mbali, roho juu. Alipaka kuzunguka mdomo wa bomba, pembeni tu, kama anavyopaka kizingiti cha mlango, akaacha katikati wazi. Akakagua kwa kidole chake kilichopinda.

Mvua ilianza upya tukiwa tunakula. Nareyu alikuwa ameshasinzia mapajani mwa bibi yake. Yeyo akaacha kutafuna.

"Anakojoa?"

Nikaenda dirishani, nikasikiliza chini ya kelele za bati.

"Anakojoa, Yeyo."

"Sikiliza vizuri."

Nikasikiliza tena.