Sharti la Wawili Tu

"Wewe ndiye uliyeyamaliza! Umeliosha hilo gari mpaka matairi yanang'aa kuliko meno yako!"

"Meno yangu yamekukosea nini, Mama Sindano? Gari sijaligusa tangu juzi. Kaoshe ulimi wako kwanza, maana wenye matope ni huo."

"Nitauosha na nini, Dereva, wakati maji yote umelinywesha gari?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Ndoo zilikuwa zimepangwa chini ya bomba kama watoto wanaosubiri kugawiwa kitu, nalo bomba lilikuwa likikohoa hewa tupu. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vinavyotazamana, ua mmoja, kisima kimoja, pampu moja, na midomo isiyo na idadi. Aliyegombana na jirani asubuhi alimwomba chumvi mchana, na chumvi akapewa, pamoja na maneno yaliyokuwa yamesahaulika kwenye ugomvi.

"Mwacheni Dereva," ilisema sauti kutoka chini ya ngazi. "Umeme ulipiga kompyuta ya pampu. Nimeweka mashine mpya, sasa naijenga programu upya. Nipeni muda."

Mwenye sauti alikuwa Binti Waya. Jina hilo alibandikwa na Mama Sindano, mshona nguo wa chumba cha kona, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila waya mfukoni. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa ndani ya kijistoo cha chini ya ngazi, kompyuta yake ikiwa magotini, na waya mwembamba ukienda mpaka kwenye mashine ndogo iliyopigiliwa ukutani.

Mama Sindano aliinama akachungulia. "Si uiwashe kwa mkono tu, mwanangu, tuchote tuondoke?"

"Swichi ya mkono iko wapi? Mliwasha pampu mkaenda zenu kulala, ikavuta hewa mpaka ikaungua. Ndiyo maana tukaiondoa."

"Dereva huyo," alisema Mama Sindano haraka. "Lakini jamani! Siku zote maji yapo, yaje kukauka leo, Mama Mpole anapokea mkwe? Mkwe wa watu atanawa kwa mate?"

Vidole vya Binti Waya vilisimama juu ya herufi.

"Mkwe gani?"

"Eh! Hujui? Wewe uliyekuwa ukishinda naye humo ndani kutwa? Mpole analeta mchumba jioni hii. Wakubwa wameshapeana neno, mambo yamekwisha. Mapazia ya sebule nimeyashona mimi, nikaambiwa nifunge mdomo." Akatazama huku na huku. "Na nimeufunga. Ila ninyi si watu wa nyumbani?"

"Hongera zao," alisema Binti Waya, kwa sauti ambayo hakujua ameiazima kwa nani. Kisha akauvuta mlango wa kijistoo ukabaki wazi kidogo tu.

Mpole alikuwa mtoto wa pekee wa mwenye nyumba, na jina hilo la utani lilimfuata tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa mtoto asiyelia. Alisomea kompyuta, Binti Waya akajifunza kwa kufungua vilivyoharibika, na wote wawili walikutana kwenye kijistoo kile kuitafutia pampu akili. Humo ndani Mpole alianza kumwita mke wangu. Hakuna aliyemwomba. Alilitamka siku moja akiwa anatafuta bisibisi, "Mke wangu, hebu nipe hiyo," na Binti Waya akampa koleo kwa kuchanganyikiwa. Uani alimwita fundi. Sebuleni kwa mama yake hakumwita chochote, maana hakuwahi kumfikisha huko. "Mama ana presha," alikuwa akisema, "subiri nitafute siku nzuri." Binti Waya akasubiri. Mpole alipopata kazi mji mwingine, aliwaaga majirani wote kwa kuwapa mkono, na yeye akapewa mkono vilevile, katikati ya Dereva na Mama Sindano. Mwanzoni simu zilikuja kila jioni. Baadaye zikaja moja moja, kama matone ya bomba bovu. Baadaye bomba likakauka.

Programu waliiandika kwa vipande: kipande cha pampu, cha tangi, cha taa, cha kengele ya geti. Kila kipande kilipaswa kujaribiwa peke yake kabla ya kuungana na wenzake, na kisicho na mahali pa kuanzia hakijaribiki. Kwa hiyo kila kimoja walikifungulia mlango wake wa kuanzia. Lakini programu nzima haiwezi kuwa na milango miwili ya aina hiyo. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kompyuta haitajua imfuate yupi. Dawa yake ni sharti. Juu ya kila mlango wa majaribio waliandika kwamba sehemu hii itiwe iwapo tu alama fulani imewekwa. Isipowekwa, irukwe, kana kwamba haikuandikwa kabisa. Wakijaribu, waliiweka alama. Wakijenga programu ya nyumba waliiondoa, na mlango ukabaki mmoja, ule wa kipande kikuu kinachoviita vingine vyote.

Alama hiyo mtu mwingine angeiita JARIBIO, basi. Mpole aliiita WAWILI_TU. "Si tukijaribu tunakuwa wawili tu?" alisema, akicheka kwa pua. Na chini ya sharti hilo, kwenye kipande cha kengele, aliweka maneno ya kutokea kwenye kioo kidogo cha mashine: KARIBU, MKE WANGU. Wapangaji hawakuwahi kuyaona. Kwenye programu yao sehemu hiyo ilirukwa.

Sasa tangu asubuhi kompyuta ilikuwa imeshikilia neno moja kama mtoto mkaidi: mwanzo umepatikana zaidi ya mara moja, siunganishi. Binti Waya alikipekua kipande cha pampu mstari kwa mstari. Akakipekua cha tangi. Akailaumu mashine mpya, akamlaumu aliyeiuza. Na baada ya habari ya mkwe, mistari ikaanza kumcheza machoni. Akawa anaifuta kompyuta kwa mkono wa gauni, kumbe kinachotota si kompyuta.

"Umefika wapi, Binti?" Dereva aliita. "Huku Mama Sindano ameanza kunitolea jasho la kunawia!"

"Karibu nimalize, kaka."

Akafungua faili la maagizo ya pamoja, lile ambalo vipande vyote hulisoma kwanza kabla ya kujengwa. Lilikuwa mahali pa mwisho pa kutazama, kwa sababu hakuna mwingine aliyeligusa ila yeye.

Mstari wa juu kabisa: WAWILI_TU.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliiweka mwenyewe. Jioni zile simu zilipokoma, alikuwa akija kijistooni kwa kisingizio cha kukagua fyuzi, anaweka alama, anajenga kipande cha kengele peke yake, kisha anakaa juu ya ndoo kutazama kioo. Mwishowe akachoka kuiweka na kuiondoa, akaibandika kwenye maagizo ya pamoja. Programu ya nyumba ilikuwa imeshajengwa zamani, kwa hiyo kosa halikuonekana mpaka leo ilipobidi ijengwe upya. Hivyo kila kipande kikaamini kwamba nyumba nzima ni watu wawili tu, na kila kimoja kikaufungua mlango wake. Ua mzima ulikuwa umekosa maji kwa sababu yeye alitaka kukaribishwa.

Alicheka. Kicheko kilianza vizuri, kikaishia kwenye kiganja cha mkono.

Alipaswa kuiondoa alama palepale. Badala yake akakijenga kipande cha kengele mara moja tena, ya mwisho, akakipeleka kwenye mashine. Maneno yakatokea. Na hapo mlango ukasukumwa.

"Fundi, mwanangu, nionee huruma. Wageni wako njiani na sina hata..." Alikuwa Mama Mpole mwenyewe, birika tupu mkononi. Akaipandisha miwani iliyokuwa imening'inia kifuani.

"Karibu, mke wangu," akasoma. "Mke wa nani?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Kulitema ilikuwa rahisi kuliko kulimeza. Binti Waya akayakumbuka mapazia mapya.

"Ni maneno ya majaribio tu, Mama. Hayaingii kwenye programu yenyewe."

"Yameandikwa na nani?"

Binti Waya akaanza kukaza skrubu ya mashine iliyokuwa imeshakazwa. Huko nje Mama Sindano alikuwa kimya, jambo lisilowahi kutokea katika ua ule.

"Kama yameandikwa," Mama Mpole aliuliza polepole, "kwa nini yasiingie?"

"Yana sharti, Mama. Ni ya tunapokuwa wawili tu. Wakiwepo watu, yanarukwa."

Mwenye nyumba alishika fremu ya mlango. Alikitazama kioo, akaitazama ile ndoo iliyopinduliwa, kisha ndoo ya pili iliyopinduliwa kando yake, yenye vumbi.

"Baba yake alikuwa na sauti mbili," alisema. "Ya chumbani na ya barazani. Mimi nikadhani mwanangu amerithi pua yake tu."

"Mama, usijisumbue."

"Watu wa yule binti nimeshawapa neno. Siwezi kulirudisha."

"Sijakuomba ulirudishe, Mama."

Mama Mpole alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akaliacha birika chini, mlangoni, akaenda zake.

Binti Waya aliifuta alama. Maneno yenyewe hakuyagusa. Aliyaacha palepale yalipokuwa. Mpole hakuwa ameandika uongo, hilo ndilo lililouma. Aliandika kweli, ila kwa sharti. Vipande vikaungana bila ubishi, kioo kikawa kitupu, na pampu ikanguruma.

Maji yalitoka kwa kishindo. Mama Sindano alipiga kigelegele, Dereva akammwagia kopo la maji, akafukuzwa kwa ufagio kuzunguka ua, na ugomvi wa asubuhi ukawa umelipwa. Binti Waya alijaza birika la Mama Mpole, akalipeleka mpaka ngazi ya chini ya mlango wake mkubwa, akalitua hapo.

Kengele ya geti ilipolia jioni, Binti Waya alikuwa akizungusha waya zake pembeni ya bomba, mikono ya gauni imelowa. Mpole aliingia na shati lililonyooka, na nyuma yake msichana aliyebeba mfuko wa matunda kwa mikono miwili, akitabasamu kwa woga. Mpole alimwona Binti Waya. Miguu yake ilikosea hatua, kisha ikajirekebisha.

"Hawa ndio majirani zetu," alimwambia mchumba wake. "Mama Sindano, Dereva. Na huyu ni fundi wetu wa pampu."

"Pole na kazi, dada," msichana alisema, akitua mfuko ili ampe mikono yote miwili. "Nimesimuliwa kwamba maji ya hapa hayakatiki."

Binti Waya alitafuta pa kumchukia, akapakosa. "Hayakatiki," alisema. "Karibu sana, dada."

Akakunja waya wa mwisho, akageukia upande wa chumba chake.

"Fundi, unakwenda wapi?" Mama Mpole alikuwa amesimama mlangoni pake, mapazia mapya yakipepea nyuma yake.

"Amechoka, Mama," Mpole aliwahi. "Mwache akapumzike."

"Nimemuuliza yeye."

"Nakwenda kuweka vifaa, Mama."

Mama Mpole alishuka ngazi moja moja, kwa sababu ya magoti. Akauchukua mzigo wa waya kutoka mikononi mwa Binti Waya, akamkabidhi mwanawe. "Vipeleke kijistooni. Unakijua kilipo."

Mpole aliukumbatia mzigo kwenye shati lake lililonyooka, akaenda. Mama Sindano aliiuma kanga yake isimtoke sauti.

"Kiti chako kiko upande wangu," Mama Mpole alisema.

"Basi nitapitia jikoni, Mama. Miguu yangu ina tope."

"Tope hufutika." Akaushika mkono wake uliolowa, akauelekeza kwenye mlango mkubwa, watu wote wakitazama. "Pita hapa. Chakula kinapoa. Ingia ule, mwanangu."