Njia Ambayo Chembe Nzito Haipiti

Ujumbe wa Goodhope ulimkuta Monica mgahawani kwa Jackline, pale Mikumi kando ya barabara kuu, akinywa chai ya maziwa katikati ya madereva wa malori waliokuwa wakiagiza supu. Goodhope alikuwa mwenzake kazini katika chuo kimoja ng'ambo, na hakuwa mtu wa maneno mengi. "Matokeo yametoka," aliandika. "Hakuna kitu. Pole sana." Chini yake alikuwa ameweka mchoro. Monica aliukuza kwa vidole. Pale ambapo nadharia yake ilisema patainuka kilima, mstari ulikuwa umelala bapa.

Chai ikapoa mbele yake.

Miaka yake yote ya utafiti ilikuwa imekwenda kwenye swali moja. Kuna chembe mbili ndogo mno, moja nyepesi na nyingine nzito, zote zimeundwa kwa kitu kilekile: kwaki nzito, yaani chembe ya msingi kabisa, iliyoshikana na kinyume chake. Zikizaliwa tu ndani ya mashine za kugonganisha chembe, zinavunjika. Kwa kuwa asili yao ni moja, wanasayansi wanaweza kukadiria: ukijua nyepesi huvunjika kwa njia fulani, yaani kuwa vipande vya aina fulani, mara ngapi, utajua nzito nayo itaifuata njia hiyo mara ngapi. Kwa njia nyingi hesabu inakubali. Lakini iko njia moja ambayo nyepesi huipita bila shida, na nzito inaikwepa kana kwamba imezibwa. Kwa zaidi ya miaka arobaini hakuna aliyeeleza kwa nini. Monica alidhani ameeleza. Aliandika, akachapishwa, akasifiwa. Maelezo yake yalidai kwamba chembe ile nzito lazima ionekane ikivunjika kwa njia nyingine, ya kando, ambayo bado haijapimwa. Sasa ilikuwa imepimwa.

"Dada Monica, mzee yuko tayari," Jackline alimwita kutoka mlangoni.

Mzee alikuwa baba yake Jackline, Mwalimu Melkizedek, aliyemfundisha Monica fizikia huko Kilosa. Ni yeye aliyemwambia kwanza habari za chembe zile, kidato cha tatu, kipindi kilipokwisha na mvua ikawazuia kutoka darasani. Moyo wake sasa ulikuwa umechoka na miguu ilimvimba. Siku hiyo ilikuwa mahafali ya kidato cha nne katika shule yake ya zamani, naye ndiye aliyependekeza mgeni rasmi awe Monica.

Mzee alikuwa ameshakaa kwenye gari, kiti cha mbele, ndani ya suti iliyompwaya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekushuka?"

Jackline aliondoa gari, wakashika barabara ya Kilosa. Monica alijaribu kunyamaza, ikamshinda. Kabla hawajafika kijiji cha Ulaya alikuwa amemweleza yote. Mwalimu alisikiliza bila kugeuka.

"Wana hakika?"

"Wana hakika. Vipimo ni vingi mno, Mwalimu. Haiwezi kuwa bahati mbaya."

Mzee alitazama mashamba nje. "Nimewaambia watu," alisema. "Kanisani nimewaambia. Hata pale zahanati, muuguzi anajua." Kisha kwa sauti ya chini, "Leo tu, Monica. Wape watoto siku yao. Kesho useme utakavyo."

Monica hakuwahi kumsikia akiomba kitu.

Uwanjani maturubai yalijaa. Wazazi walikuwa wameshuka kutoka milimani, wengine wametoka Kimamba kwa bodaboda, na familia za wafugaji zimekaa pamoja upande wa kushoto. Monica alikuwa amekwisha kuamua kutii. Angezungumzia bidii, agawe vyeti, basi. Ndipo wanafunzi waliposimama na ngonjera yao. Binti mmoja aitwaye Kishiwa, mrefu, sauti kavu, alitangulia, na wenzake wakawa wanamjibu: fumbo lililowashinda wazungu, nani kalifumbua? Dada yetu wa Kilosa! Watu walipiga vigelegele. Mwalimu Melkizedek alikuwa akitabasamu, macho yamemlowa.

Monica alishika kipaza sauti.

"Ngonjera ni nzuri kuliko ninavyostahili," alisema. "Fumbo sijalifumbua. Nilidhani nimelifumbua. Asubuhi hii nimeletewa vipimo, na vimesema nimekosea. Sijui kwa nini chembe ile haipiti njia ile. Hakuna ajuaye."

Mkuu wa shule alianza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha. Kishiwa alibaki amekodoa macho. Monica hakuthubutu kumtazama Mwalimu mpaka alipomaliza kugawa vyeti, na alipomtazama, mzee alikuwa anaangalia viatu vyake.

Walirudi Mikumi jioni ileile. Siku iliyofuata Mwalimu alikula chumbani kwake. Jackline hakumlaumu Monica, ila alipokuwa akiosha vyombo alisema, "Ungeweza kusubiri, dada. Yeye hana kesho nyingi." Monica alichukua sahani iliyofuata, akaikausha.

Siku ya kuondoka, basi likiwa linapakia, alimwona Mwalimu akija kwa fimbo, pumzi zinamkatika.

"Hasira zangu hazijaisha," alisema alipomfikia. "Nionyeshe huo mchoro."

Alimpa simu. Mzee aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaikinga na jua kwa kiganja. Utingo aliita abiria mara ya mwisho.

"Hakuna hata kainuko."

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi sivyo ilivyo." Akamrudishia simu. "Panda, watakuacha."

Mwalimu alifariki wakati wa masika. Monica aliomba ruhusa akaja, akakuta kaburi limechimbwa Kilosa, udongo mwekundu umejaa maji, na vijana wanayachota kwa ndoo ili jeneza lishuke. Alilia sana, zaidi ya alivyotarajia. Hakuwa na neno la msamaha la kumkumbuka nalo, wala hakudhani alikosea kusema ukweli, na mambo hayo mawili yalimkaa kifuani bila kupatana. Alilala kwa Jackline hadi matanga yalipoanuliwa, akisaidia kuwahudumia wageni.

Kisha alirudi kazini. Alifuta mlinganyo wake ubaoni, akavuta kiti, akaanza upya na chembe zilezile mbili.