Waya wa Feni Ndani ya Ukuta

Mkono Mwepesi, fundi umeme, mume wa mtu na mkwe wa watu, alikuwa amelala kifudifudi juu ya dari ya mama mkwe wake, tumbo kwenye ubao mwembamba, jasho likimtiririka mpaka masikioni. Midomo aliifunga kama anayeogopa kumeza nzi. Hakuna aliyejua kwamba yuko huko, na yeye aliomba ibaki hivyo.

Jina la Mkono Mwepesi alipewa na mama mkwe mwenyewe, fundi cherehani, wakati nyumba ilipokuwa inamaliziwa. Waashi walikuwa wameyapinda mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya ndani ya kuta, kona juu ya kona. Waya wa nyumba, ule mgumu wenye shaba nene, ulifika kona ya kwanza ukagoma kama mbuzi mlangoni mwa machinjio. Fundi alivuta, akasukuma, akatukana kimoyomoyo maana yuko ukweni. Mwisho akachukua waya laini, wenye nyuzi nyembamba nyingi kama nywele, ule wa feni na pasi unaoburutwa sakafuni. Huo ukapita bila hodi.

"Jamani, mkwe wangu ana mkono mwepesi!" mama mkwe alishangilia. Waashi wakapiga lipu, yeye akachagua rangi ya maziwa, na fundi akajiambia shaba ni shaba.

Alikuwa anajidanganya. Waya wa nyuzi ukiubana kwa skrubu, nyuzi nyingine zinakatika, nyingine zinachungulia nje, na zile chache zilizobaki zinabeba mzigo wote huku zikipata moto. Hilo hata mwanafunzi wa ufundi analijua. Ndiyo maana jana mama mkwe aliposema mezani, huku akicheka, "Soketi yangu ya pasi siku hizi ina joto kama shavu la mtoto mwenye homa," fundi tonge lilimkwama.

Basi leo mama mkwe alipokwenda kununua vitambaa, fundi aliingia kwa ufunguo wa mkewe, akashusha swichi kubwa, akaegemeza ngazi ukumbini na kupanda darini na waya mgumu begani. Mfuniko akaurudisha nyuma yake ili vumbi lisimwagike chini. Mpango wake ulikuwa kubadilisha laini ya pasi peke yake, safari hii akiupaka waya sabuni uteleze kwenye kona, ashuke, anawe, aondoke. Laini nyingine angeziwaza baadaye, yaani kamwe.

Ndiyo kwanza alikuwa amebandua tepu kwenye kiungo kikuu cha nyaya aliposikia mlango ukifunguliwa.

"Karibu, jirani, ujionee kazi ya mkwe wangu." Mama mkwe amerudi mapema, tena na mgeni! Jirani yule naye alikuwa anajenga, nyumba imefika kwenye paa.

"Mama, nani kaacha ngazi hapa?" Hiyo ilikuwa sauti ya shemeji, kinyozi mwenye maneno mengi kuliko wateja.

"Itoe, mgeni asijikwae. Kasafishie madirisha."

Ngazi ikaondoka. Fundi aliisikia ikikwaruza sakafu mpaka nje, akafumba macho. Angeweza kuita pale pale. Lakini angeanzaje? Mtu anasifiwa mbele ya mgeni, halafu aning'inize miguu darini kama popo?

"Mbona umeme hakuna?"

"Swichi kubwa imeshuka, mama. Naipandisha."

Ta!

Sasa kiungo kile, kikiwa uchi kabisa, kilikuwa na umeme, na umbali kutoka puani mwa fundi haukuzidi kiganja. Mgongoni, bati la jua kali. Kushoto na kulia, dari nyepesi ambayo ingemmwaga moja kwa moja kwenye meza ya kukatia vitambaa. Hata chafya ilibidi aifikirie kwanza.

"Mimi nachomeka pasi mbili kwa mpigo," mama mkwe alijigamba huko chini. "Na birika la chai juu yake. Tazama!"

"Na havizimiki?"

"Vizimike, na kazi ni ya mkwe wangu?"

"Basi mwambie aje kwangu. Nataka vilevile, na waya uleule."

"Uleule atakuwekea!"

Kiungo kikaanza kunuka. Ganda jeupe la waya likawa la njano, likawa la kahawia, likalainika. Uzi mwembamba wa moshi ukapanda taratibu ukimpitia fundi usoni. Aliutazama, akautazama ubao mkavu pembeni yake. Kisha akapiga kelele.

"Zimeni!"

Jirani akapiga yowe. "Dari inaongea!"

"Swichi kubwa! Mama, zima!"

Ta!

"Mkwe wangu?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini huko?"

"Shemeji, umehamia?" kinyozi alicheka. "Dada kakufukuza?"

"Hebu nyamaza wewe!" Mama mkwe akapandisha sauti, jirani asikie vizuri. "Anakagua. Unaona, jirani? Kazi imekwisha zamani, yeye bado anakagua."

Uongo ulikuwa umeshakatwa na kushonwa, fundi alibakiza kuuvaa tu. Akafungua mdomo aseme ndiyo, mama. Moshi ukamwingia.

"Sikagui," alikohoa. "Waya niliouweka si wa ukutani. Ni wa feni. Ule mgumu ulinishinda kwenye kona, nikafanya uvivu."

"Huo wa pasi?"

"Na wa jikoni."

"Na chumbani kwangu?"

"Na chumbani, mama."

"Pale kichwani ninapolala."

"Nileteeni ngazi, mama, nishuke nieleze vizuri."

"Nakusikia vizuri tu."

Jirani aliaga kwa sauti ndogo. Alikumbuka ghafla kwamba ameacha chungu motoni. Habari ya waya uleule hakuitaja tena.

Fundi alibaki na bati lake. Alisikia droo ikivutwa, kiti kikiburutwa, nyayo zikienda jikoni, zikirudi, zikiingia chumbani. Alisikia mkwaruzo laini, mrefu, ukipanda ukutani. Akaita, "Mama?" Mkwaruzo ukaendelea. Mguu ukafa ganzi, akauacha ufe.

Ngazi ilipokuja, alishuka mweupe kwa vumbi. Shemeji alitaka kusema neno, akamwona mama yake usoni, akalirudisha.

Mama mkwe alikuwa ameshika chaki yake ya kushonea. Kwenye ukuta wa rangi ya maziwa, kutoka soketi hadi darini, alikuwa amechora mistari miwili iliyonyooka, vidole viwili kati yake. Jikoni hivyo hivyo. Chumbani hivyo hivyo.

Akampa nyundo na tindo.

"Tunafumua," alisema. "Kata hapa. Na usitoke nje ya mstari."